Mwaka Sherebela Ilipokosa Harufu

Mama mkwe wangu Drande hakuamini samadi.
"Sherebela," alisema, "ni mtoto wa jiwe.
Mpe njaa, atakupa dawa."
Na nyuma yake milima ya Shkodra, myeupe kwa chokaa,
ikawa kama imeitikia.

Mimi nilihesabu tu: mashina mia tatu
yamenyong'onyea, majani membamba kama ulimi wa paka,
na mume wangu Ujerumani, akipaka rangi nyumba za watu,
akiuliza kila Jumapili kwa simu: kilo ngapi?

Basi nikachimba shimo nyuma ya zizi,
nikalilisha kama mgeni wa heshima:
samadi ya kondoo, maganda ya mayai, mabua,
majivu kiganja, nyasi mbichi juu ya kavu,
maji, tena samadi.
Siku ya nne nikazamisha mkono hadi kiwiko,
nikauchomoa upesi. Lilikuwa na homa.
Nilicheka peke yangu,
nikaligeuza kwa uma
kama mgonjwa aliyelalia ubavu mmoja mno.

Sikuishia hapo. Tamaa haina kijiko cha kupimia.
Kando ya mto huota jani liwashalo, binamu wa upupu;
nikalikata nimevaa soksi mikononi,
nikalivundika pipani wiki mbili.
Harufu yake, Mungu anisamehe!
Padri akipita barabarani alifupisha baraka.
Nikachuja kwa shela yangu ya harusi
(ilikuwa na kazi gani tena?),
nikajaza bomba la mgongoni,
na kila alfajiri, kabla jua halijapanda ukuta,
nikanyunyizia majani juu na chini,
chini hasa, ambako jani hunywa.

Yakanenepa. Lo, yakanenepa!
Mapana kama sikio la mwanakondoo,
ya kijani kibichi, kijivu chote kimekimbia.
Majirani wakaegemea ua kutazama.
Drande akanyamaza,
nami nikadhani ukimya ule ni ushindi.

Agosti akaja Ndue mnunuzi na mzani wake.
Hakupima.
Alichuma jani, akalifikicha
kati ya gumba na shahada,
akanusa.
Akanusa tena.
Akaniwekea kiganjani, taratibu,
kama mtu arudishaye barua isiyo yake.
"Dila," alisema, "hii ni mboga."

Usiku ule nikaitafuna mboga yangu, jani kwa jani.
Ilikuwa na maji. Ilikuwa na adabu.
Haikuwa na neno.

Mwaka uliofuata nilijifunza kuzuia mkono.
Mboji iliyolala chini ya theluji hadi ikapoa,
nyeusi, inanukia msitu baada ya mvua:
chepe moja kwa mashina manne, mwezi wa Machi, basi.
Mchuzi wa pipa kikombe, maji vikombe ishirini,
mara mbili tu, majani yangali machanga.
Yalipoanza kurudia kijivu chake
nikalitundika bomba ukutani
nikaiacha njaa ya Drande imalizie kazi.
Maana hakukosea yule mama, alikuwa na nusu.
Nusu nyingine ilikuwa shimoni kwangu, ikitoka jasho,
na hakuna kati yetu aliyekuwa tayari kukopesha.

Ndue alinusa mara moja, akafungua mzani.

Novemba kikohozi kikamkamata Drande.
Nilimchemshia konzi moja, nikamletea kitandani.
Alikishika kikombe kwa mikono miwili,
akauacha mvuke upande usoni, muda mrefu,
akinusa kama anayemtambua mtu kwa sauti.
Nikangoja neno.
Akanywa hadi mashapo.
Kisha kwa kikombe kitupu akaonyesha dirishani,
nyuma ya zizi, ambako kijimoshi kilipanda kwenye baridi.

"Funika shimo lako," akasema.
"Theluji inakuja."